Bombomu, Mpagazi na Kitani: Vita vya Viwandani katika Nchi ya Wakipsigis, 1905–1925

Nchi ya Wakipsigis, ambayo leo ndiyo sehemu kubwa ya kaunti za Kericho na Bomet, ilikutana na vita vya viwandani mara mbili ndani ya muda usiozidi miaka kumi na minne. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1905, kikosi cha Waingereza kilipoingia Sotik na bunduki zilizojilisha risasi zenyewe. Mara ya pili ilikuwa kati ya 1914 na 1918, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika Afrika Mashariki na kuzoa vijana, ng'ombe na chakula. Mara zote mbili silaha zilitoka viwanda vya Ulaya, na gharama ikabebwa na watu wasiokuwa na kiwanda hata kimoja. Vita vilipokwisha, ardhi nayo ilibadilisha mikono. Mashamba ya chai yaliyotandaa leo kuuzunguka mji wa Kericho yana mizizi yake katika miaka hiyo.

Vita kabla ya bunduki

Kabla ya kuja kwa Waingereza, Wakipsigis walipigana na majirani zao Wagusii, Wamaasai na Wajaluo, na mara nyingi sababu ilikuwa mifugo na malisho. Jeshi halikuwa kazi ya mshahara. Kila mwanamume aliyetahiriwa alikuwa wa rika lake na wa mojawapo ya vikosi vilivyorithiwa kutoka kwa baba, vikiwemo Kipkaige, Ng'etunyo, Kebeni na Kasanet. Silaha zilikuwa mkuki, ngao ya ngozi, upanga, rungu, upinde na mishale. Orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, alitazamiwa kubariki safari ya vita au kuizuia.

Vita hivyo viliua, na vingine viliua watu wengi. Kushindwa kwa Wakipsigis na Wagusii katika pigano la Saosao, kando ya mto Mogori mwishoni mwa karne ya 19, kulikumbukwa kama msiba wa kizazi kizima. Hata hivyo mapigano yalikuwa na mipaka yake. Mkuki hufika pale tu mkono unapoweza kuurusha, kwa hiyo aliyeua alimwona aliyemuua. Lengo la msafara lilikuwa kurudi na ng'ombe, na wanawake na watoto waliotekwa kwa kawaida waliingizwa katika koo za waliowateka, wakaoa na kuolewa humo. Mwaka ukigeuka, aliyeporwa aliweza kujipanga na kwenda kupora. Uwezekano huo wa kulipiza na kujikusanya upya ndio uliokatwa na aina mpya ya vita.

Reli na bombomu

Vita vya viwandani ni vita ambavyo nguvu ya jeshi haitegemei tena wingi na ushujaa wa wapiganaji, bali viwanda vinavyotengeneza silaha, reli na meli zinazozisafirisha, na waya za simu zinazopeleka amri. Vitu hivyo vilifika magharibi mwa Kenya karibu wakati mmoja. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Njia yake ilipita ukingoni mwa nchi ya Wakipsigis: Londiani, Lumbwa (Kipkelion ya sasa) na Fort Ternan. Mwaka 1902 vikosi vilivyokuwa Kenya, Uganda na Nyasaland viliunganishwa kuwa King's African Rifles, yaani KAR. Kuanzia hapo serikali iliweza kuteremsha kutoka kwenye mabehewa, kwa siku chache, askari na risasi ambazo zamani zingechukua miezi kufika kwa misafara ya miguu.

Silaha iliyobadilisha mambo kuliko zote ilikuwa bunduki ya Maxim, iliyobuniwa na Hiram Maxim mwaka 1884. Askari wa Afrika Mashariki waliziita bunduki za aina hiyo bombomu, kwa mlio wake. Mtutu wake ulizungukwa na gamba la chuma lililojazwa maji ili usiyeyuke kwa moto. Risasi zilishonwa kwenye mkanda wa turubai, 250 kwa mkanda. Bunduki ya kawaida humpiga mpigaji teke begani kila anapofyatua. Katika Maxim teke hilo lilifanyiwa kazi: lilitoa nje ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, likavuta mkanda, likaingiza risasi nyingine na kuilipua. Mpigaji alihitaji kubana kitufe tu, na risasi 500 au zaidi zilitoka kwa dakika moja. Wapiganaji mia moja waliokimbilia bunduki hiyo uwanjani wakiwa na mikuki walikabiliwa na kazi ya askari wachache waliokaa chini nyuma ya miguu mitatu ya chuma, umbali ambao sura ya mtu haitambuliki.

Sotik, 1905

Mwaka 1905 Wakipsigis wa Sotik waliwavamia Wamaasai, wakachukua ng'ombe, wanawake na watoto. Serikali ya mkoloni iliamuru warudishwe na faini ilipwe. Amri hiyo ilipokataliwa, kikosi cha adhabu kilitumwa mwezi Juni chini ya Meja Richard Pope-Hennessy. Kikosi kilikuwa na bunduki za kisasa na Maxim. Malalamiko ambayo Wakipsigis wameyapeleka kwa Serikali ya Uingereza na Umoja wa Mataifa yanataja watu 1,850 waliouawa Sotik, wanaume, wanawake na watoto.

Msafara wa adhabu ulikuwa na taratibu zake, na taratibu hizo zinaeleza kwa nini raia waliumia pamoja na wapiganaji. Jeshi halikungoja kukutana na jeshi jingine. Liligawanyika katika safu kadhaa, likapita vijijini likichoma nyumba na maghala ya wimbi, likifagia mifugo yote iliyoonekana. Katika jamii ya wafugaji, ng'ombe alikuwa chakula, mahari, akiba na fidia ya damu. Aliyechukuliwa ng'ombe alibaki bila maziwa ya mtoto leo na bila njia ya kumwoza kijana wake kesho. Kumpiga mfugaji kupitia boma lake lilikuwa jambo lililopangwa.

Miezi michache baadaye mbinu hiyo hiyo ilitumika kwa ndugu zao Wanandi kwa kiwango kikubwa zaidi. Tarehe 19 Oktoba 1905 orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa kutafuta amani. Operesheni zilizofuata, ambamo wapiganaji wa Kimaasai waliandamana na askari wa KAR, ziliua mamia ya Wanandi, zikachukua maelfu ya ng'ombe na kuwasukuma waliosalia ndani ya hifadhi. Mwaka 1908 ikawa zamu ya Wagusii, majirani wa Sotik upande wa magharibi, baada ya mtawala wa wilaya yao kuchomwa mkuki. Habari za mauaji ya huko ziliposomwa London, Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kulalamikia ukubwa wa umwagaji damu.

Baada ya bunduki zikaja ramani. Sehemu ya ardhi ya Sotik ilikatwa ikapewa walowezi, na mashamba yao yakawekwa kama ukuta kati ya Wakipsigis na Wagusii. Ukoo wa Talai nao ulianza kuandamwa. Mwaka 1914 Kipchomber arap Koilegen, ndugu yake Koitalel aliyekuwa akiishi kwa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu pamoja na wenzake hadi nchi ya Wakikuyu, wakaondolewa kati ya watu waliowasikiliza.

Vita Kuu yafika jirani

Vita vilipotangazwa Ulaya Agosti 1914, Kericho ilijikuta si mbali na mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Septemba kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka upande wa ziwa na kuuteka mji wa Kisii. Tarehe 12 Septemba KAR wakawashambulia. Kapteni Thorne, kamanda wa Waingereza, aliuawa, lakini Wajerumani nao waliumia wakarudi nyuma. Katika pengo hilo, Wagusii waliokuwa bado na kumbukumbu ya mwaka 1908 waliingia katika ofisi na maduka ya mji wakachukua mali. Serikali iliporejea iliwaadhibu kwa kuwachomea nyumba na kuwatwalia mifugo. Hapo ndipo raia wa pande hizi walipojifunza kwamba katika vita vya wazungu hakuna pa kusimama kando: anayepita anadai utii, na anayerudi anadai malipo.

Baada ya mapigano hayo, uwanja wa vita ulihamia kusini, lakini mahitaji yake hayakuondoka. KAR ilikuwa na askari wapatao 2,300 vita vilipoanza, na ilipita 30,000 vilipokwisha. Waandikishaji waliwatafuta hasa Wakalenjin, Wakipsigis na Wanandi wakiwemo, waliohesabiwa na makamanda kuwa watu wa vita. Kwa vijana wengi uaskari ulikuwa chaguo bora kuliko upagazi: askari alipewa bunduki, sare, mshahara mkubwa zaidi na heshima. Lakini alichokutana nacho hakikufanana na safari za ng'ombe walizosimulia baba zake. Huko Mahiwa, kusini mwa Tanganyika, Oktoba 1917, watu walilala katika mitaro siku nne huku bombomu za pande zote mbili zikifyeka vichaka. Maelfu waliuawa au kujeruhiwa kwa kugombea kipande cha ardhi ambacho hakuna upande uliokitaka kwa malisho wala kwa kilimo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma mwezi uliofuata akaingia Msumbiji, na vita vikaendelea mwaka mmoja zaidi. Alisalimu amri Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza.

Mzigo wa mpagazi

Vita vya viwandani vya Ulaya vilisukumwa na reli na malori. Katika Afrika Mashariki reli ziliishia mbali, barabara zilimezwa na matope, na ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Kwa hiyo mashine za kiwandani zilifikishwa uwanjani kwa kichwa cha mtu. Risasi, mikanda ya bombomu, magunia ya unga, machela na vipande vya mizinga vyote vilibebwa na wapagazi wa kikosi ambacho Kiswahili kilikipa jina la Kariakoo, jina lililobaki katika mtaa wa Dar es Salaam na, kwa umbo la Kariokor, katika mtaa wa Nairobi. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuandikwa kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa katika wilaya zote, machifu wakipewa idadi ya watu wa kutoa. Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu ndio waliobeba sehemu kubwa, lakini hakuna wilaya iliyosalimika.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 23 hivi, juu yake blanketi na sufuria ya mpagazi mwenyewe. Siku yake ilianza kabla ya jua na kuishia jioni kwenye kambi yenye kuni mbichi. Chakula kilikuwa unga wa mahindi, ambao kwa watu waliokulia maziwa, wimbi na mtama ulikuwa chakula kigeni. Ulisagwa ukiwa mkavu na mkubwa wa chembe, unaohitaji kuchemka muda mrefu, na muda huo haukuwepo. Mpagazi aliyechoka alikula uji ambao haukuiva. Chembe zile ziliukwaruza utumbo, kuhara damu kukafuata, na mtu aliyeharisha akaendelea kubeba mpaka akaanguka. Waliotoka nyanda za juu zenye baridi walikuwa na hatari nyingine: mbu wa malaria walikuwa wachache kwao, na miili yao haikuzoea homa ya mabonde ya Rufiji na pwani.

Waafrika waliobeba mizigo upande wa Waingereza katika vita hivyo wanakadiriwa kufikia karibu milioni moja, na hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 95,000. Kati yao waliotoka Kenya walizidi 40,000. Wengi zaidi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Majina mengi yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa, na mishahara ya maelfu ya marehemu haikuzifikia familia zao hata baada ya Oscar Watkins, aliyekisimamia kikosi hicho, kuidai kwa miaka kadhaa. Mwaka 1928 sanamu ya askari na mpagazi ilisimamishwa katikati ya Nairobi, lakini makaburi ya wengi hayana alama hadi leo.

Nyumbani

Waliobaki Kericho na Bomet walilipa kwa njia nyingine. Serikali ilihitaji nyama ya kulisha jeshi na maksai wa kukokota magari, na jamii za wafugaji ndizo zilizoamriwa kuuza kwa bei ambayo wao hawakuipanga. Kodi ya nyumba ilipanda kutoka rupia 3 hadi 5 wakati wa vita na kufikia 8 mwaka 1920. Vijana waliokuwa nguvu ya shamba na ulinzi wa boma hawakuwepo. Mwaka 1918 mvua zilikosekana sehemu nyingi za Kenya, njaa ikaingia. Mwishoni mwa mwaka huo homa ya mafua iliyozunguka dunia ilishuka na meli Mombasa, ikapanda bara kwa reli pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi. Reli iliyoleta Maxim mwaka 1905 ndiyo iliyoleta ugonjwa huo hadi vituo vya Londiani na Lumbwa.

Askari aliyerudi hakupewa ardhi. Alikuta sheria mbili zikimngoja. Ile ya usajili iliyopitishwa mwaka 1915 ilianza kutekelezwa mara baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole na historia ya ajira, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ile ya mwaka 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi, afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey, jenerali aliyeongoza majeshi katika vita hivyo hivyo, alitoa waraka uliowataka machifu na maofisa wawasukume watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi.

Maofisa walemavu na kitani

Northey ndiye aliyesimamia pia mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Uingereza. Mwaka 1919 kura ilipigwa Nairobi katika ukumbi wa Theatre Royal, na zaidi ya ekari milioni mbili zikagawiwa. Wanandi walikatiwa sehemu kubwa ya hifadhi yao. Wakipsigis walikatiwa ekari zipatazo 25,000 karibu na mji wa Kericho kwa ajili ya koloni la maofisa walemavu, lililojulikana kwa kifupi kama BEADOC.

Maofisa hao walikuwa wahanga halisi wa vita vya viwandani. Miongoni mwao walikuwamo waliopoteza kiungo kwa makombora na wengine waliotoka mitaroni na mapafu mabovu. Waliambiwa kwamba hewa ya Kericho ingewaponya na udongo wake ungewalisha. Zao walilolichagua kwa maisha yao mapya lilikuwa kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa kuwa kitambaa chepesi chenye nguvu. Ndege za kivita za wakati huo zilikuwa na mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa cha kitani, na vita viliharibu mashamba makuu ya zao hilo Ubelgiji na Urusi. Bei ikapanda hadi paundi 500 kwa tani. Hivyo ardhi ya Wakipsigis ilikusudiwa kuotesha malighafi ambayo thamani yake ilitokana na vita vyenyewe.

Tumaini hilo halikudumu. Ndege ziliacha kuhitajika kwa wingi, mashamba ya Ulaya yakaamka, na kufikia mwaka 1921 bei ilikuwa imeanguka hadi paundi 100 au chini yake. Wakati huo huo serikali ilibadilisha thamani ya rupia, na madeni ya walowezi yakavimba. Kitani kilihitaji kung'olewa kwa mkono, kulowekwa na kupigwa, kazi nzito ambayo walemavu hawakuiweza na ambayo Wakipsigis, waliokuwa na ng'ombe wao wa kuchunga, hawakuwa na hamu ya kuifanya kwa ujira mdogo. Koloni likafilisika katika miaka ya mwanzo ya 1920. Ardhi haikurudi kwa wenyewe.

Kutoka kitani hadi chai

Chai ilikuwa imepandwa kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, lakini kwa kiwango kidogo. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilikuja Kericho kutafuta ardhi yenye mvua ya mwaka mzima na udongo mwekundu wenye tindikali. Zilikuta eneo lililokwisha kukatwa, kupimwa na kuandikiwa hati, likiwemo la wale maofisa. Misitu ikafyekwa, miche ikapandwa, viwanda vya kukausha majani vikainuka. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka kwa Wajaluo, Waluhya na Wagusii, wakakaa katika nyumba za kambi zilizoitwa laini, kwa safu zilizonyooka kama za kambi za jeshi.

Wakipsigis walibaki kwenye hifadhi iliyopungua, na wengi wakawa maskwota juu ya ardhi ya baba zao. Mwaka 1934 sheria maalumu ilipitishwa kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, mamia ya wanaume kwa wanawake na watoto, hadi Gwassi, kando ya ziwa, mahali penye joto, mbu na ndorobo. Waliruhusiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengi wao walikuta hawana ardhi.

Madai ya hasara hiyo yamefuata njia ya kisheria. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliieleza Uingereza wasiwasi wao, na mwaka 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hasara inayodaiwa inaanzia Sotik ya mwaka 1905 na kufika hadi kwenye mashamba ya chai, kwa sababu ndivyo mambo yalivyofuatana.